Nusu kwa Kipeo cha Ishirini

Mwalimu Stanslaus alizikwa Kilosa mwezi uliopita. Nilifika siku moja kabla ya mazishi, nikapangwa pamoja na wanawake wa kuchambua mchele uani kwa dada yake, kule Magomeni ya Kilosa. Tulikaa kwenye mikeka, sinia magotini, tunatoa chuya na vijiwe, na kila mtu akieleza jinsi alivyomfahamu marehemu. Mmoja alisema alimfundisha mwanawe, mwingine alisema ni jirani tu. Mimi nilisema nilikuwa mwanafunzi wake wa jioni, Mikumi, zamani sana, nikainamia sinia. Ndipo akaingia mama mmoja mnene mwenye miwani, amejitanda mtandio wa rangi ya udongo, akavua viatu, akawa anasalimia mkeka mmoja baada ya mwingine mpaka akafika mbele yangu na kusimama. "Koleta," alisema. "Hujaniona, au hutaki kuniona?" Alikuwa Mwanaidi. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilisimama, mchele ukamwagika kidogo, akanikumbatia, na mkono wake ukakaa mgongoni kwangu muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa: huyu anataka nini? Ndivyo nilivyo. Nimefanya kazi ya kutunza stoo maisha yangu yote, na katika kazi ile mtu anayeshuku anasifiwa kwamba yuko makini. Lakini kabla ya stoo yoyote kulikuwa na mwaka ule wa Mikumi, na mwaka ule hakuna aliyenisifu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimefeli mtihani wa kidato cha nne, nikapata kazi katika hoteli ya chakula kandokando ya barabara kuu, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yaliposimama ili abiria wale. Mwenye hoteli aliitwa Mama Sifa. Alitupa chumba kimoja nyuma ya jiko, mimi na Mwanaidi, vitanda viwili vya kamba, dirisha moja lenye nondo na wavu wa kuzuia nyani, ambao walikuwa wanajua saa ya kupika chapati kuliko sisi wenyewe. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa na joto siku zote. Ukiuegemea mchana unasikia mgongo unaiva. Mwanaidi alinizidi miaka miwili, alitokea upande wa Ruhembe kwenye miwa, na alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye aliosha vyombo, mimi nilipakua. Basi likiingia, utingo anapiga kelele "Dakika kumi!" na sisi tunapambana na wali, maharage, mchicha, kachumbari, watu hamsini wanataka kitu kilekile kwa wakati mmoja. Basi likiondoka, hoteli inakuwa kimya hadi unasikia maji ya bomba yanavyodondoka kwenye karai la Mwanaidi. Mama Sifa alikuwa na sharti moja alilomwambia kila msichana siku ya kwanza: "Mwenye mtoto simtaki. Mtoto akiumwa, na jiko langu linaumwa."

Tuliposikia kuwa kuna mwalimu anafundisha watu wanaorudia mtihani, kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye stoo ya magunia ya Mama Sifa, tulijiandikisha sote wawili. Mwalimu Stanslaus alikuwa kijana bado, mwembamba, shati moja la mikono mirefu, na alikuja kwa baiskeli na ubao mweusi umefungwa nyuma kwa mpira. Tulikuwa kumi na wawili. Hesabu alizozipenda ni za vipeo. Kipeo, kwa asiyejua, ni ile namba ndogo inayoandikwa juu, begani mwa namba nyingine, kukuambia izidishwe yenyewe kwa yenyewe mara ngapi. Mbili yenye kipeo cha tatu ni mbili mara mbili mara mbili, yaani nane. Mwalimu aliandika namba mbili za namna hiyo ubaoni, akauliza ipi kubwa. Jumamosi ya kwanza aliweka mbili yenye kipeo cha thelathini, na tatu yenye kipeo cha ishirini. Mimi nilianza kuzidisha. Nilijaza ukurasa mzima, nikapotea kwenye mamilioni. Karibu wote tulijibu mbili, kwa sababu thelathini ni nyingi kuliko ishirini. Mwanaidi aliandika tatu, mstari mmoja, akaweka kalamu chini.

"Jibu ni sahihi," alisema Mwalimu, ameshika daftari lake. "Njia iko wapi?"

"Nimefanya kichwani, mwalimu."

"Kichwani siwezi kutia maksi."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama mtu niliyelala naye chumba kimoja, ambaye sikuwahi kumwona na daftari mkononi siku za kazi, nikajiuliza kichwa hicho amekitoa wapi. Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu, ya nne. Majibu sahihi, njia hakuna. Na mimi niliyekuwa nafungua daftari kila mabasi yakipungua, miguu ndani ya beseni la maji kwa uchovu, nilikuwa napata mbili kati ya kumi.

Mtu akianza kushuku, hakosi cha kuona. Niligundua kwamba kila Alhamisi, likipita basi dogo la kutoka Kidodi, konda alikuwa anazunguka mlango wa nyuma na kumpa Mwanaidi karatasi iliyokunjwa. Aliipokea kwa mkono wenye povu, akaitia ndani ya blauzi bila kuisoma. Alhamisi, nikafikiri. Jumamosi ni mtihani. Nikaanza kumhesabia Alhamisi. Kisha siku moja Mama Sifa alinituma maharage, nikiwa nimeinama nyuma ya magunia stoo, nikawasikia kwa nje, upande wa pili wa mbao. Sauti ya Mwanaidi: "Mama Sifa akijua, nimekwisha." Na sauti ya Mwalimu, ya chini: "Kwangu haitatoka. Wewe endelea kupokea kila Alhamisi mpaka mtihani upite." Nilibaki pale na kopo la maharage mkononi. Sasa nilikuwa na kila kitu. Mwalimu anampa majibu, konda anayaleta, na sisi wengine kumi na mmoja ni wajinga tunaopoteza Jumamosi zetu. Kuhusu kwa nini anampa, nililiacha wazo liende lilikotaka, na lilikwenda pabaya.

Sikumuuliza Mwanaidi. Hilo ndilo ninaloshangaa leo. Tulikuwa tunalala futi tatu kutoka kitanda hadi kitanda, tunaazimana mafuta ya kujipaka, na swali moja lingetosha. Badala yake nilikwenda kwa Mama Sifa, asubuhi moja akiwa anapima mchele. Nilimwambia kuna mambo kati ya Mwanaidi na Mwalimu, na kuna karatasi zinazopita kwa mlango wake wa nyuma kila Alhamisi. Nilisema nasema kwa faida ya hoteli. Mama Sifa hakuinua macho. "Alhamisi ni kesho," alisema.

Kesho yake karatasi ilipofika, Mama Sifa alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Aliinyakua kabla Mwanaidi hajaikunja mara ya pili. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akashindwa, maana hakuwa na miwani. "Koleta, njoo usome. Soma kwa sauti, kila mtu asikie." Jikoni tulikuwa sita, pamoja na mpishi na wakata mboga. Ningeweza kuitupia jicho kwanza. Sikufanya hivyo, kwa sababu nilikuwa na uhakika ni namba tupu. Nilijisafisha koo, nikaanza kwa sauti ya juu, na bado naikumbuka neno kwa neno: "Mwanangu Mwanaidi, salamu. Mtoto surua imemtoka, ila macho bado yana tongo asubuhi. Uji anakunywa. Anauliza mama yake yuko kwenye basi lipi. Kila basi likipita anakwenda barabarani kulipungia mkono, mpaka nimeogopa, sasa namfunga kamba ya kanga kiunoni." Hapo nikaacha kusoma. Mama Sifa akasema, "Malizia." Nikamalizia. Ilikuwa imebaki salamu tu.

Mwanaidi hakulia. Alikuwa ameshika sahani. Akaisuuza, akaiweka kwenye chanja, akachukua nyingine. "Ana miaka mingapi?" Mama Sifa aliuliza. "Minne." "Ulinidanganya miezi minane." "Ndiyo, mama." "Jumamosi jioni usiwepo." Mpishi alifunika sufuria kwa kishindo, na nje utingo akaanza kuita dakika kumi.

Mtu angedhani hapo nilitubu. Sikutubu. Nilijiambia: haya, mtoto ni kweli, lakini majibu je? Mtoto hajibu maswali ya vipeo. Nilimwona Mwanaidi akifunga mizigo yake kwenye mfuko wa nailoni, na huruma ikawa inapanda na mimi naikandamiza, kwa sababu huruma ikishinda ingenibidi nikubali kwamba nimemfukuzisha mtu kazi bure.

Jumamosi alikuja darasani na mfuko wake, akakaa mlangoni. Mwalimu alikuwa ameshasikia, uso wake haukuwa na raha, na aliandika maswali haraka bila kututazama. Swali la mwisho lilikuwa hili: ipi kubwa, nusu yenye kipeo cha kumi, au nusu yenye kipeo cha ishirini? Wote tulifurahi. Kwenye madaftari yetu tulikuwa na kanuni aliyotupa mwenyewe, tumeipigia mstari mwekundu: namba za chini zikilingana, yenye kipeo kikubwa ndiyo kubwa. Tuliandika ishirini. Mwanaidi aliandika kumi. Mwalimu alisahihisha papo hapo, amesimama, sisi wengine akatutilia alama ya vema, na kwenye daftari la Mwanaidi akatia mkasi wa kosa.

"Hata wewe, Mwanaidi? Hili jepesi?"

"Mwalimu, naomba uliangalie tena."

"Kaa chini."

Alikaa. Baada ya muda kidogo akasimama, akachukua mfuko wake, akasema "Kwaherini," akaenda kusimamisha basi la Kidodi, la kuelekea kwao Ruhembe. Sitaficha nilivyojisikia. Nilijisikia mwepesi. Karatasi zimekatika, nikasema moyoni, na akili zimekatika. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Jumatatu Mama Sifa alinipa mche wa sabuni niukate. Sasa vyombo nilikuwa naviosha mimi. "Kata nusu, weka kabatini," alisema. "Inayobaki utumie kwa akili." Nilikata nusu. Ile iliyobaki nikaikata nusu tena, nikaweka kando. Nikakata tena. Sijui nilipofika kipande cha tatu au cha nne, kisu kilisimama chenyewe. Nusu ya nusu ni robo. Nusu ya hapo ni ndogo zaidi. Nilikata mara ya tano, kilichobaki kikawa chembamba kama biskuti. Nilijaribu kufikiria kukata mara kumi, nikaona ni kijipande cha kushika kwa kucha. Mara ishirini, hakuna sabuni. Hakuna kitu cha kuona kwa macho. Kumi ndiyo kubwa. Mwanaidi alipata, na sisi wote, na Mwalimu, tulikosa. Lakini lililonifanya nikae chini kwenye sakafu yenye maji halikuwa hilo. Nilifikiri: angekuwa anapewa majibu na Mwalimu, angepewa na hili. Mwizi wa majibu huiba na makosa. Mtu pekee darasani ambaye hakuwa ameiba jibu la Mwalimu alikuwa yeye.

Nilivifunga vile vipande kwenye pindo la kanga, nikaenda kwa Mwalimu, alikokuwa amepanga chumba nyuma ya kanisa. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Leo Jumatatu, Koleta." Nilipanga vipande vya sabuni mezani pake, kutoka kikubwa hadi kidogo. Alivitazama. Akachukua kile cha mwisho, akakigeuzageuza, akakirudisha polepole. "Kanuni ile ni ya namba zinazozidi moja," alisema. "Naijua. Niliijua. Na nilimwambia akae chini." Nikamuuliza kuhusu njia, kwa nini Mwanaidi hakuwa anaandika. "Nilimuuliza wiki ya kwanza. Aliniambia mikono yake ina maji kutwa, hawezi kushika karatasi. Kwa hiyo namba anazipanga kichwani huku anaosha. Mimi ndiye niliyemtafutia konda wa kuleta barua za mama yake, maana bila kusikia habari za mtoto angeacha masomo." Kisha akanitazama sawasawa. "Nani alimwambia Mama Sifa?"

"Sijui, mwalimu," nilisema.

Jumamosi iliyofuata aliandika swali lile ubaoni upya, akalifanya mbele yetu, akasema: "Nilikosea. Aliyepata ni mmoja, na hayupo." Mwalimu mwingine angefuta ubao na kuendelea. Yeye aliliacha pale mpaka darasa likaisha.

Majuma machache baadaye namba zetu za kufanyia mtihani zilikuja. Ya Mwanaidi iliwekwa kwenye bahasha, na Mwalimu akanichagua mimi niipeleke Ruhembe. "Wewe ulikaa naye chumba kimoja," alisema. "Nakuamini." Ndani ya basi, baada ya yote hayo, nilifungua ile bahasha kwa ukucha. Nilitaka tu kuhakikisha hakuna kingine ndani. Hakikuwepo. Niliifunga tena kwa mate, ikakunjamana.

Nilimkuta Mwanaidi shambani kwa mama yake, kati ya mistari ya miwa, jembe mkononi. Mtoto alikuwa kivulini anatafuna muwa, akaniona, akajificha nyuma ya bibi yake. Niliwaza maneno yote niliyoyapanga njiani, nikaishia kusema, "Mwalimu amenituma nikuletee hii." Mwanaidi aliitazama bahasha, akapitisha kidole pale ilipokunjamana, akanitazama mimi. Kisha akauliza, "Lile swali la nusu, walisemaje?"

"Ulikuwa sahihi. Mwalimu amekiri mbele ya darasa."

"Enhe," alisema, akageuza uso upande wa miwa. Alipiga jembe mara mbili tatu. Alipogeuka aliniambia, "Kaa hapa. Kiingereza chako kizuri, mimi insha zinanishinda. Nifundishe insha, nikufundishe vipeo." Jumapili nne nilikwenda Ruhembe. Tulikaa kwenye mkeka mlangoni kwa mama yake, tukila ugali na kisamvu, na Mwanaidi akinitoa tabia ya kuzidisha. "Usizivamie zilivyo," aliniambia. "Zilinganishe vipeo kwanza. Mbili yenye kipeo cha mia, na kumi yenye kipeo cha thelathini. Mia ni kumi mara kumi, thelathini ni tatu mara kumi. Sasa mbili izidishe yenyewe kwa yenyewe mara kumi tu. Unapata ngapi?" "Elfu moja na ishirini na nne." "Na kumi ukiizidisha hivyo mara tatu?" "Elfu moja." "Zote zina kipeo cha kumi sasa. Elfu moja na ishirini na nne, na elfu moja. Bado unataka kuzidisha?" Mama yake alicheka mlangoni, akasema sisi wawili tumekuwa kama wanaogombea samaki sokoni. Kila Jumapili nilikuwa napanda basi nikijiambia leo nitasema. Kila Jumapili nilirudi sijasema. Nilijipa faraja kwamba alichokiona ni mimi kuamriwa kusoma barua, na aliyeamriwa hana kosa.

Mtihani tulifanyia Kilosa, tukalala Magomeni kwenye nyumba ileile ya dada yake Mwalimu. Swali la vipeo lilikuwepo, nikalipata kwa njia yake. Mwanaidi alifaulu vizuri kuliko sote, akaenda chuo cha ualimu. Mimi nilifaulu vya kutosha kupata kazi ya stoo Morogoro. Aliniandikia barua kadhaa. Kila nilipofungua barua yake nilianza kusoma mwisho, nikitafuta kama ameuliza. Hakuuliza, na bado niliacha kujibu.

Haya yote nilimwambia mwezi uliopita, uani, baada ya mazishi, wanawake wengine wakiwa wanaosha masufuria. Nilimwambia ni mimi niliyekwenda kwa Mama Sifa. Nilimwambia na ya stoo, na ya bahasha. Alinisikiliza hadi mwisho huku amevua miwani.

"Mama Sifa alinitajia jina lako siku ileile nafunga mzigo," alisema. "Alikuwa mkali, ila hakuwa mficha maneno."

"Na ukanifundisha?"

"Nilihitaji insha, Koleta. Mtoto alihitaji mama mwenye kazi. Ningekuchukia, nani angenifundisha Ruhembe?" Alivaa miwani. "Kunisemea kwa Mama Sifa, hilo nilikuelewa mapema. Kilichonikaa muda mrefu ni sauti ya barua ile. Ulisoma vizuri mno. Kama mtu wa redioni."

Nilichukua sufuria lililobaki, nikalisugua. Gari dogo lilisimama nje, akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, funguo mkononi, akapiga magoti kidogo kunisalimia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akamgeukia mama yake. "Tuondoke, giza lisitukute kabla ya Dumila. Na huyu mama ni nani?"

"Huyu ndiye Koleta."

Yule binti alinitazama upya. Nilisimama pale, mikono inanuka sabuni, nikingoja kusikia mimi nilikuwa nani katika nyumba yao miaka yote hiyo. "Ndiye yule aliyekuletea namba ya mtihani?" aliuliza.

Mwanaidi alikuwa anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu. Alivaa kimoja, akavaa cha pili.

"Ndiye," alisema.